Chumvi ya Mgosi

Jina lake ni Halfan, lakini ukifika Makambako ukauliza Halfan watakupeleka kwa muuza vipuri, au kwa yule mwenye mashine ya kusaga. Uliza Mgosi. Alitoka Korogwe akiwa utingo, akapanda akawa dereva, akaendesha malori mpaka mgongo ukamkatalia. Na kwa kuwa huku watu wote wa Tanga tunawaita wagosi bila kuwauliza kabila, jina likamganda. Hakulipinga. Mtu aliyelala kwenye lori nusu ya maisha yake hana nguvu za kubishania jina.

Mimi nina cherehani kwenye baraza ya jengo lile lile analokaa, mlango wa pili kutoka kwake, pale njia panda magari ya Mbeya yanapoachana na ya Njombe. Naitwa Dorosela, ila wateja wananiita Mama Jeni. Ni Mbena wa Njombe, nimezaliwa kwenye baridi, na mdomo ninao. Nasema mapema usije ukanilaumu baadaye.

Siku daktari alipomwambia Mgosi kwamba usukani basi, alikuja akakaa kwenye benchi langu. Akatazama malori yanapita, moja baada ya jingine, halafu akaniuliza kama namjua mtu anayenunua buti. Nilimhurumia sana siku ile. Nikamwambia buti azivae yeye mwenyewe, huku kwetu baridi haina kustaafu.

Ilikuwa miaka ile soko limeshafunguliwa, kila kilichochokwa ng'ambo kinashuka bandarini: suruali, friji, matairi, mabasi yenye maandishi yasiyosomeka. Watu walikwenda Dar es Salaam wakarudi na marobota ya mitumba. Mgosi alikwenda kutibiwa mgongo, akarudi na kompyuta iliyotupwa na ofisi fulani, kioo chake kizito cha kubebwa na wanaume wawili, pamoja na usukani wa plastiki na pedeli zake mbili, moja ya mafuta na nyingine ya breki. Ndani ya kompyuta kulikuwa na gemu ya magari.

Nilicheka mpaka nikaacha mshono. "Mgosi, umekatazwa usukani, ukaenda kununua usukani?"

"Huu hauumi mgongo, Mama Jeni. Na tena sitauendesha mimi."

Kweli hakuuendesha. Hapo ndipo alipotofautiana na wenye mabanda ya gemu wote niliowahi kuwaona. Wengine wanawasha mashine, wanapokea hela, wanasinzia. Yeye alitandika mkeka kando ya ukuta, akajilaza ubavu kwa ajili ya mgongo wake, na kazi yake ikawa kupanga mashindano. Gemu ile ilikuwa na mahali pa kujipangia mbio mwenyewe: uchague barabara, uchague mvua au jua, uchague magari ya kushindana nawe, na kila dereva wa kompyuta umwekee ustadi unaotaka, kuanzia mzembe mpaka shetani. Mgosi aliweka wapinzani wanne na akawapa majina. Shemeji, anayekupisha hata kama hukuomba. Bi Harusi, anayekwenda taratibu mpaka umsahau, halafu unamkuta mbele yako. Mzani, anayekuziba njia. Na Kiberenge, mwekundu, asiyejua breki ni kitu gani.

Ukisema mtu anatia chumvi, sote tunajua unamaanisha nini: habari yake ipunguze kabla ya kuimeza. Kwa Mgosi kutia chumvi ilikuwa kazi ya haki. Dereva akiingia, alimtazama anavyokaa na anavyoshika usukani, akampa mzunguko mmoja wa kujaribu, kisha akaingia kwenye mipangilio. Huyu alimpunguzia Kiberenge ustadi kidogo. Yule alimwongezea Bi Harusi injini.

"Ukimpa mtu wapinzani dhaifu umemtukana," aliniambia. "Ukimpa wakali mno umemfukuza. Mpe wale ambao akiwashinda atakuwa ametoka jasho, na wakimshinda atasema, ah, bado kidogo tu."

Mbio zikiisha aliuliza swali lile lile: "Chumvi imekolea?" Na watu wazima wenye wake na watoto, wanaosubiri mzigo, wanaosubiri spea, wanaosubiri foleni ya mzani, walijibu kwa dhati kabisa. Imezidi, Mgosi. Imepungua. Leo ndiyo yenyewe.

Sasa nikueleze habari za Sila.

Sila ni Mkinga wa Makete. Ukitajiwa Mkinga unafikiria biashara, na kweli ndugu zake wana maduka kuanzia Njombe mpaka Mbeya. Yeye peke yake alipenda gari. Tulikuwa tunamtania kwamba lazima alibadilishwa akiwa mchanga. Aliendesha lori la Bi Rukaiya, mama mwenye malori mawili na sauti moja inayotosha kuyaendesha yote. Sila alikuwa dereva mzuri. Sisemi kwa kumpendelea, hata madereva wenzake walisema, na madereva hawasifiani ovyo.

Asubuhi moja ya ukungu, akitoka Njombe na viazi, karibu na njia ya kuingilia Kichiwa, aliligonga kwa nyuma lori bovu lililosimama barabarani. Hakufa mtu. Lameki, utingo wake, alivunjika mkono, na mkono ukaunga. Aliyekataa kuunga ni Sila.

Desturi ya barabara zetu unaijua. Gari likikuharibikia, kabla hujafungua hata boneti, unakata matawi unayapanga juu ya lami, nyuma na mbele, ili anayekuja ajue kuna jambo. Kile kibao cha pembetatu ni cha kumwonyesha askari. Sisi kwa sisi tunaambiana kwa majani. Mwenye lori bovu aliapa mbele ya askari kwamba majani aliyaweka. Sila hakukumbuka kuyaona. Lameki alikuwa usingizini. Na mpaka watu wafike, viazi vimetapakaa, wanakijiji wanaokota, magari yanajipenyeza pembeni, hakuna aliyeweza kusema kama pale palikuwa na matawi au hapakuwa nayo. Likabaki swali, nalo likaingia ndani ya Sila likakaa. Kama majani yalikuwepo na hakuyaona, yeye ni dereva wa namna gani?

Bi Rukaiya hakumfukuza. Lori lilipopona alimpa ufunguo. Sila akaondoka vizuri, akafika pale pale Kichiwa, akasimamisha gari pembeni, akashuka, akakaa kwenye nyasi. Akamtuma Lameki arudi mjini kutafuta dereva mwingine. Tangu siku hiyo, ukimuuliza, alijibu neno moja tu: woga. Alilisema kama mtu anavyotaja ugonjwa aliopimwa ukaonekana.

Akawa mtu wa benchi la Mgosi. Idda, mke wake, alimtumia salamu na kondakta wa basi la Makete kwamba arudi nyumbani walime. Kulima si aibu, sisi sote tumelelewa na jembe. Lakini kurudi kulima kwa sababu mguu wako mwenyewe umekugomea, huo mzigo Sila asingeubeba. Na Bi Rukaiya naye alishasema, bila ubaya, kwamba viazi vya Makete vikiwa tayari lori haliwezi kukaa likiota nyasi. Kuna kijana Iringa, alisema. Kama Sila hajapanda, atapanda huyo.

Mgosi hakumshauri kitu. Alimwacha akae, amwangalie huyu na yule wakicheza, mpaka siku moja mikono ikamwasha mwenyewe, akauliza kama kiti kiko wazi. Kilikuwa wazi. Akashinda. Akacheza tena, akashinda. Kesho yake vilevile. Nikaanza kuona mabadiliko: mabega yakapanda, akaanza kunisalimia yeye kwanza, "Kamwene, Mama Jeni," Kibena chake kikiwa kimepinda Kikinga, nami nikaitikia kwa furaha. Nilisema moyoni, huyu anarudi.

Halafu siku moja Mgosi alikwenda msikitini kuswali adhuhuri akamwacha Sila kwenye kiti. Sila alikuwa ameshamwona mzee akiingia kwenye mipangilio mara nyingi. Akaingia. Akakuta wapinzani wote wanne, hata Kiberenge, wamewekwa chini kabisa, kwenye uzembe.

Mgosi aliporudi alimkuta amesimama.

"Mzee, unanipa ushindi wa sadaka?"

"Nilikupa uji," Mgosi akasema. "Mgonjwa haanzi na makande."

"Mimi si sadaka na wala si mtoto. Nipe chumvi wanayokula wenzangu."

Nilidhani Mgosi atambembeleza. Hakumbembeleza. Alijilaza ubavu kwenye mkeka, akavuta kibodi karibu, akapandisha mmoja mmoja mpaka pale madereva wengine walipozoea. "Haya. Kaa."

Sila akashindwa. Hakushindwa vibaya kwenye kila barabara. Kuna nyingine alimfikia Bi Harusi na kumpita. Ila kulikuwa na barabara moja ya msituni, nzuri kuitazama, lami nyeusi katikati ya miti mirefu, na kona moja kubwa ya kushoto. Hapo alikuwa akiongoza, anafika kwenye kona, wanampita wote wanne. Kila mara. "Unaona?" alikuwa akimwambia Lameki. "Mguu unaogopa. Hata gari la uongo linaujua woga wangu."

Kitu ambacho Sila hakukitilia maanani, kwa sababu mwenye kidonda hutazama kidonda chake, ni kwamba madereva wengine nao walikuwa wakilalamika. "Kompyuta zako zinaiba pale msituni, Mgosi." "Gari linakata nguvu pale kwenye kona." Mgosi akaanza kuhangaika na chumvi ya barabara ile. Akampunguzia Kiberenge ustadi: bado madereva wanapitwa. Akampunguzia injini: bado. Akapunguza mpaka madereva wakaanza kushinda, na siku hiyo hiyo akaingia Hilary, kinyozi wa mlango wa tatu, ambaye maishani mwake hajawahi kuendesha kitu isipokuwa kiti cha kuzunguka, akashinda kirahisi mpaka akageuza shingo kupiga soga. Ikimfaa Hilary, madereva wanalia. Ikiwafaa madereva, Hilary anasinzia.

"Si uiache hiyo barabara?" nilimwambia. "Zimejaa nyingine humo."

"Barabara inayokusumbua huikimbii, Mama Jeni. Unaijua."

Nilimjibu kwamba wanaume wa Tanga wana kichwa kigumu, akakubali.

Siku ya mvua, hakuna mteja, nguo zote zimeshaisha, nikaingia kwa Mgosi kuota joto la watu. Sila alikuwa ametoka kumaliza mbio za msituni, ametoka wa mwisho. Musa, dereva wa mbao, akanichokoza: "Mama Jeni, kaa wewe, labda kompyuta zitaona haya kumwibia mwanamke." Mdomo nimeshakwambia ninao. Nikakaa. Niliwahi kucheza mara mbili tatu za kupoteza muda, lakini siku ile niliinamisha kichwa kama nashona suti ya harusi. Wapinzani ni wale wale, chumvi ile ile aliyokula Sila. Nikafika kwenye kona ile kubwa, nikapita, nikawaacha, nikatoka wa kwanza.

Banda lililipuka. Musa alipiga meza. Mimi, ningefanyaje, nilisimama nikacheza hatua mbili za ngoma ya kwetu. Nilipogeuka nikamwona Sila anatoka kwenye mvua bila kufunga zipu ya koti. Furaha yangu iliniishia pale pale. Mtu aliyekuwa bingwa wa milima yote hii, ameshindwa na fundi cherehani ambaye hata baiskeli hajui.

"Mgosi," nikasema, "sikutaka..."

Mgosi hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amelala kwenye mkeka wake, shavu karibu na sakafu, anatazama miguu yangu.

"Rudi kwenye kiti."

"Nimechoka."

"Kaa, dada. Rudia ile ile."

Nikarudia. Kwenye kona nikapita vilevile.

"Mbona pale hukuinua mguu?" akaniuliza.

"Mguu wangu umezoea cherehani. Nikianza mshono siachii mpaka ufike mwisho."

"Pale kabla ya kona, barabarani, unaona nini?"

Nikasogeza uso kwenye kioo, maana kilikuwa kizee na rangi zimefifia. "Naona njia. Na takataka."

"Takataka gani?"

"Majani. Matawi yameanguka."

Mgosi akainuka kwa haraka ambayo mgongo wake haukuiruhusu, akapiga ukelele wa maumivu, akacheka, akashika kiuno. "Matawi, Mama Jeni! Hao walioichora hii gemu wamemwaga matawi barabarani!" Wao waliyaweka kwa urembo tu, upepo wa msituni, ukiyapitia hakuna kinachotokea. Kompyuta zinalijua hilo, Kiberenge anapita juu yake bila habari.

Nikadhani atamkimbilia Sila palepale. Hapana. Maneno ya kumfariji Sila yalikuwa yamesemwa mengi na hakuamini hata moja. Mvua ilipokatika, Mgosi alijikongoja mpaka nyumbani kwa Bi Rukaiya, akamwomba aje siku ya pili na dereva wake wa lori lile jingine.

Akaja, amejitanda kanga, funguo zinalia mkononi. Nyuma yake Abdulatif, dereva mkongwe, ambaye hujisifu kwamba katika dunia hii anamwogopa Mungu na mama mkwe tu. Gemu alikuwa hajawahi kuigusa, aliiona upuuzi. Lameki alimleta Sila, nusu kwa kumvuta. Sila alisimama mlangoni, hakuingia ndani.

"Bi Rukaiya, karibu mkekani," Mgosi akasema. "Kioo usikitazame. Tazama miguu."

"Nimeitwa kutazama miguu ya wanaume, Halfan?"

"Leo tu, dada yangu."

Watu wakacheka, naye akakaa. Akaanza Hilary. Barabara ya msituni, kona, mguu wa Hilary ukabaki juu ya mafuta kama umeshonwa. Akafuata Abdulatif, ambaye alihangaika na usukani ule mwepesi na kuutukana, lakini baada ya mzunguko mmoja akauzoea. Alipokaribia kona, mguu wake uliruka kutoka kwenye mafuta ukaangukia breki. Magari manne yakampita.

"Kwa nini umekanyaga breki?" Mgosi akauliza.

"Nani? Mimi? Sijakanyaga breki."

"Umekanyaga," Bi Rukaiya akasema kutoka chini. "Nimeona kwa macho yangu."

"Gari limekata nguvu pale!"

"Mguu wako umeruka, Abdulatif, usinifanye kipofu."

Musa naye akakaa, mguu ukaruka, akakana vilevile. Nikaitwa mimi. Mguu wangu haukuruka. Kisha Mgosi akatazama mlangoni. "Sila. Njoo, mwanangu."

Alikaa. Jasho lilimtoka na baridi yote ile. Aliendesha vizuri, nakwambia, aliendesha kwa mikono laini, akawapita mmoja mmoja, akawa mbele. Nilijikuta namwomba Mungu asikanyage. Kona ikaja. Mguu ukainuka, ukaenda kwenye breki, taratibu, bila pupa. Wakampita wote.

Akaachia usukani. "Mmeona wenyewe. Woga."

"Rudi ulipotoka," Mgosi akasema. "Simamisha gari hapo. Sogea karibu na kioo. Kuna nini barabarani?"

Sila akasogea. Ilimchukua muda. "Matawi," akasema.

"Ulikuwa umeyaona?"

"Hapana."

"Abdulatif, wewe uliyaona?"

Abdulatif akaja, akachungulia, akakuna kidevu. "Wallahi sikuona kitu."

"Macho hayakuona. Mguu umeona. Kila mwenye leseni aliyekaa kwenye kiti hiki ameinua mguu pale, na wote wananiambia kompyuta zinaiba. Wasioinua ni kinyozi na fundi cherehani. Bi Rukaiya, mshindi wa leo ni Mama Jeni. Utampa lori?"

"Huyu? Hata baiskeli simpi."

Tulicheka wote, na mimi nikiwemo, kwa sababu alisema kweli. Sila hakucheka. Alikuwa anautazama mguu wake wa kulia, ule wa breki. Akautazama mpaka kicheko chetu kikaisha chenyewe.

"Basi siku ile hayakuwepo," akasema.

Akainua macho.

"Mzee Mgosi. Siku ile hayakuwepo. Yangekuwepo mguu ungeinuka."

"Hayakuwepo, mwanangu."

Akalia. Hakuficha uso. Lameki aligeuka akatazama nje, Abdulatif akaanza kukohoa kikohozi kisichokuwa na sababu. Mimi sioni haya kusema nililia pia, nikafutia pua kwenye kitambaa cha mteja. Bi Rukaiya alinyanyuka mkekani, akachambua funguo zake, akachomoa mmoja akauweka juu ya kompyuta.

"Viazi vya Makete viko tayari," akasema. "Angalia upepo wa tairi za nyuma kabla hujaondoka." Akajitanda vizuri akaenda zake.

Sila aliondoka alfajiri. Walisema alipofika Kichiwa alipunguza mwendo, akapita. Siku tatu baadaye lori lilirudi limejaa mpaka kwenye turubai, na nyuma ya kiti chake, Lameki alinionyesha, kulikuwa na mzigo wa matawi ya mkaratusi uliofungwa kamba, kwa ajili ya siku watakapoharibikiwa mahali pasipo na mti.

Na Mgosi alimaliza hesabu yake ya chumvi. Kwenye barabara ya msituni aliwapunguzia kompyuta wote wanne nguvu kiasi cha breki moja, ili dereva aliyeinua mguu pale aweze bado kuwafukuza na kuwapata. Mimi na Hilary alitupangia mbio zetu peke yetu, na Kiberenge wetu ni shetani kamili. Hilary alilalamika kwamba anaonewa: kama siri ni kutokanyaga breki, madereva si waambiwe tu?

"Nikiwafundisha wasiinue mguu hapa," Mgosi akamjibu, "huko barabarani nitawazika."

Hilary akarudi kwenye kiti chake cha kuzunguka. Neno lile hatukulirudia kwenye mzaha.

Mwezi uliopita nilikuwa na safari ya kwenda Njombe kununua vitambaa, Sila akanipa lifti. Nilikaa katikati, Lameki dirishani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Tulikuwa tunabishana juu ya bei ya sare za shule, na mimi nilikuwa nashinda, wakati lori lilipopungua mwendo. Sila hakuwa ameacha hata kuongea. Ndipo nikayaona: matawi mabichi ya msindano, yamepangwa juu ya lami, moja, jingine, jingine, na mbele yake lori limeinama, wenyewe wameingiza vichwa kwenye injini. Tukawapita polepole, Sila akawapigia honi ndogo ya pole, Lameki akawapungia.

Nilipotazama chini niliona mguu wangu wa kulia umekandamiza sakafu ya lori kwa nguvu zote, hapo ambapo hapana breki. Nikauvuta nyuma, nikarudi kwenye bei ya sare.

Niliporudi Makambako niliweka vitambaa, nikaingia kwa Mgosi, nikakaa kwenye kiti. Msituni. Nilikuwa mbele, Kiberenge nyuma yangu kabisa. Kwenye kona mguu uliozoea cherehani uliinuka wenyewe, na wote wanne wakanipita.

Mgosi alikuwa kwenye mkeka wake, shavu karibu na sakafu. Alikuwa ameona.

"Chumvi imekolea, Mama Jeni?"

"Imekolea, Mgosi," nikasema, nikarudi kwenye cherehani yangu.